Uwanja Umejaa, Asema Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kama watu waliokula kiporo cha juzi? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo sawa. Walio mbele wakae chini wasiwazibe wenzao, maana hadithi yenyewe ni ya kuzibana. Aliyekuja kusinzia akasinzie kwao. Mimi nikianza kusimulia hata kuku huacha kutaga, na shule niliiacha darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa anakuja kusikiliza badala ya kufundisha. Basi tegeni masikio.

Hapo kale, pale mto unapojikunja kabla ya kuingia kwenye matete, aliishi Bi Sange. Sange mnamjua: mwili wa panya, pua ndefu kama mkonga wa tembo uliofuliwa ukarudi. Pua hiyo haitulii. Akifikiri, inacheza. Akiona hatari, inacheza. Ukiona imetulia, jua Bi Sange amelala au amekufa.

Bi Sange alikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza. Hakikuwa kikundi kikubwa: yeye mwenyewe, Kinyonga, na wadudu wachache wa kubeba vyombo. Lakini Kinyonga peke yake alikuwa watu kumi. Akiwa bibi arusi anageuka mwekundu kidogo kidogo, kama anaona haya. Akiwa maiti anageuka kijivu hadi majirani wanauliza sanda iko wapi.

Tena walikuwa na ngoma. Ngoma ndogo kama kifuu cha nazi, iliyochongwa na bibi yake Sange, lakini ukiigonga, ndu-ndu-ndu, inasikika vilima vitatu mbele. Bila ngoma ile hapakuwa na mchezo. Kinyonga alikuwa hawezi kuweka mguu chini mpaka aisikie. Hata leo mkimwona njiani anatikisa mguu hewani, hajaisikia, anasubiri.

Masika mawili walifanya mazoezi ya mchezo mmoja. Ulikuwa mchezo wa Mfalme wa Mchwa, aliyezaliwa gizani asijue kama ana kivuli. Siku moja anatoka nje ya kichuguu, anakiona, anakipenda kuliko ufalme wake. Jua linapozama, kivuli kinamkimbia, naye anaanza kukitafuta. Ngiri alipita siku ya mazoezi akiwa na haraka zake za kwenda kuchimba mizizi. Akasimama. Akatazama. Akalia mpaka meno yake ya nje yakaloa. Ngiri huyu huyu, ambaye hata mvua ikimnyeshea hajui mpaka aambiwe.

Ngiri akasema mchezo huu utajaza bonde zima. Wote wakaamini. Hata mimi ningeamini, na mimi si mtu wa kuamini ovyo.

Tatizo lilikuwa uwanja. Bonde zima lilikuwa na uwanja mmoja, wenye ua wa matete na mlango mmoja, nao ulikuwa wa Bwana Kiboko. Ukubwa wa Kiboko mnaujua, lakini uchoyo wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Matope yote yake. Nyasi za ng'ambo zake, nyasi za huku zake. Chura akitaka kulia karibu naye, sharti aombe ruhusa.

Na Kiboko alikuwa anaitamani ile ngoma. Iliniuma kusikia sababu yake. Alisema mkubwa kama yeye hawezi kuendelea kutoka majini kimya kimya kama mlenda. Anataka akitoka, ngoma ilie.

Bi Sange alipokwenda kuomba uwanja, Kiboko akatoa kichwa majini, fuuu, akampa masharti. Watacheza Ijumaa tatu alasiri. Kiingilio kibaba cha mtama. Uwanja ukijaa hata mara moja, Bi Sange atautumia bure msimu mzima. Usipojaa, ngoma ni ya Kiboko.

"Na nani atakayesema umejaa?" Bi Sange akauliza.

"Uwanja wa nani?"

"Wako, bwana mkubwa."

"Basi na neno ni langu. Kinywa hiki kikisema umejaa, umejaa. Kisiposema, hata mkalie vichwani, haujajaa."

Shahidi akawekwa Kasuku, mpiga mbiu wa bonde, kwa sababu Kasuku akisikia neno halisahau, tena hulirudisha kwa sauti ile ile ya mwenyewe. Kinyonga alipoyasikia masharti hayo akageuka kijivu, na siku hiyo hakuwa anaigiza.

Ijumaa ya kwanza Kasuku akapaa juu ya bonde, akaimba:

*Njooni muone, njooni muone,*
*Mfalme wa Mchwa kapotewa na kivuli!*

Wanyama wakaja. Si wengi sana, lakini walikuja, kila mmoja na kibaba chake. Wakaketi. Wakangoja. Kwa desturi ya bonde lile, mchezo hauanzi mpaka mgeni rasmi aketi. Na mgeni rasmi alikuwa Kiboko. Aliyemteua ni nani? Msiulize maswali ya kitoto.

Kiboko alikuwa amelala majini. Jua likasogea, hajaja. Jua likainama, hajaja. Watoto wa Swala wakaanza kulia njaa. Jua linagusa matete, ndipo akasikika, tii, tii, tii, anakuja taratibu. Akaketi? Hakuketi. Akahutubia. Alianza na asili ya mto, akaja kwenye asili ya matope, akafika kwenye asili yake mwenyewe, na hapo ndipo alipokaa kabisa. Alipomaliza aliyebaki uwanjani ni Konokono peke yake, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa anafika mlangoni akiondoka.

Ijumaa ya pili Kasuku akaimba tena:

*Njooni muone, njooni muone,*
*Mfalme wa Mchwa kapotewa na kivuli!*

Safari hii Kiboko aliwahi. Aliwahi na ukoo. Shemeji, wajomba, binamu, wote viboko, wote bure, wote viti vya mbele. Katikati yao aliketi mama mkwe wake, bibi kizee mzito wa heshima, amempa mkwewe mgongo, maana kwao mkwe hamtazami mkwewe usoni, na wakisemeshana husemeshana kupitia kitu cha katikati. Mchezo ulianza kwa wakati. Lakini nyuma ya ukoo ule nani angeona kitu? Swala alitazama matako ya viboko tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoulizwa nyumbani mchezo ulikuwaje, akasema ulikuwa mpana.

Habari zikaenea. Bi Sange akapita mlango hadi mlango, pua inacheza, akawaomba watu waje Ijumaa ya mwisho. Akafika kwa Swala.

"Nije kufanya nini, bibi? Pale hakuna watu."

"Hakuna watu kwa kuwa hamji."

"Hatuji kwa kuwa hakuna watu."

Bi Sange akasimama pale kama aliyepigwa kofi. Masika mawili ya mazoezi. Mfalme aliyelia machozi ya kweli. Kumbe hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mchezo ni mzuri. Wote walichotaka kujua ni nani mwingine anakwenda. Mimi mwenyewe nilipofika hapa mara ya kwanza kuisikia hadithi hii nilivua kofia.

Kisha pua ya Bi Sange ikaanza kucheza kwa namna nyingine.

Alhamisi alikwenda mtoni. Kiboko akatoa kichwa, fuuu.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Umekuja nayo?"

Bi Sange akasema ngoma ataileta kesho jioni, ahadi ni ahadi, amekuja kuaga tu. Lakini kuna jambo linamuuma, nalo ni la Kiboko mwenyewe, si lake. Uwanja mzuri kama ule, mtu anaingia kwa kibaba kimoja. Ni dharau.

Kiboko akasogea ukingoni. Maji yakasogea naye.

"Sokoni," Bi Sange akasema, "samaki wa mwisho kwenye kapu anagombewa au hagombewi?"

"Anagombewa."

"Na nafasi ya mwisho uwanjani?"

"Nayo vile vile." Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kunachukua muda, povu linatoka. "Lakini nafasi ya mwisho ni moja tu."

"Kwa mjinga ni moja. Kwa bwana mkubwa, zote ni za mwisho. Kaa mlangoni mwenyewe. Kila anayekuja mwambie umejaa. Atatoa kibaba cha pili mwenyewe, tena akikubembeleza. Na hicho cha pili hakimo kwenye masharti. Ni chako."

Kiboko alicheka hadi mawimbi yakafika ng'ambo. Alipenda hasa kule kubembelezwa.

Ijumaa ya tatu ikafika. Jua kali. Kasuku hakuimba, Bi Sange alimwambia akae tu juu ya mlango, atulie, asikilize. Kiboko akasimama mlangoni na kikapu cha mtama kila upande. Ndani, uwanja ulikuwa mtupu. Upepo ulikuwa unaviringisha jani moja, likienda na kurudi.

Wa kwanza kuja alikuwa Ngiri, kwa kuwa alikuwa ameahidi.

"Umejaa," Kiboko akasema.

Ngiri akashangaa. Akauliza, huu huu? Kiboko akasema huu huu, labda kama kuna kibaba cha pili, tunaweza kukubana pahali. Ngiri akatoa kibaba cha pili upesi, kabla Kiboko hajabadili mawazo. Akaingia akijibana ubavu. Akakuta yupo yeye na lile jani.

Sasa, nyinyi mngefanyaje? Mngetoka mkaseme mmetoa vibaba viwili kuingia mahali patupu? Ngiri naye hakutoka. Aliketi, akakohoa kwa sauti nene, kisha akakohoa kwa sauti nyembamba, ili walioko nje wadhani wako wawili.

Swala alikuwa anapita zake kwenda kunywa maji. Akasikia Kiboko akimwambia Pundamilia, umejaa. Akasimama. Umejaa? Mbona hakuambiwa? Waliomo ni akina nani? Maji akayasahau. Akarudi nyumbani mbio, paka paka paka, akachota mtama, akaja na watoto wote na jirani zake wote, na jirani zao wakaona vumbi wakauliza kuna nini, wakajibiwa kumejaa.

Basi bonde likahama. Vumbi huku, vumbi kule. Na kila anayefika, Kiboko anampokea kwa neno lile lile. Umejaa. Umejaa. Umejaa, labda kibaba cha pili. Wanamshika mkono, wanamwita baba, wanamwita mheshimiwa. Alasiri haijafika nusu, walioketi wamepakatana, na Panya amekaa juu ya kichwa cha Nyati, na Nyati hajasema kitu.

Bi Sange akachungulia kutoka nyuma ya pazia. Umejaa kweli. Kinyonga alikuwa tayari amevaa ufalme. Akauliza mgeni rasmi je? Bi Sange akasema mgeni rasmi yupo, yuko mlangoni, akaigonga ngoma. Ndu-ndu-ndu. Kinyonga akaweka mguu chini, akatoka kichuguuni. Uwanja wote ukanyamaza. Mfalme akainama. Akakiona kivuli chake. Akageuka rangi ya asubuhi, polepole, kuanzia mkiani.

Na hapo ndipo mama mkwe wa Kiboko alipofika mlangoni.

Alikuja kukalia kiti chake cha Ijumaa iliyopita. Akasimama, akaugeuza uso upande, akaisemesha nguzo ya mlango, kwa adabu, kama inavyotakiwa.

"We nguzo. Muulize mkwe wangu kama kiti changu kipo."

Kiboko akainamisha kichwa, naye akaisemesha nguzo. "Nguzo, mwambie mama umejaa."

Ndani, masikio yote yakasimama.

"Nguzo, nadhani hakusikia. Mwambie ni mimi, niliyemzaa mke wake."

"Nguzo, mwambie mama nimesikia, na mke namshukuru. Lakini umejaa." Akavitazama vikapu vyake. "Labda kama mama ana vibaba viwili."

Jamani. Mkwe! Kumtoza mkwe kiingilio! Kule ndani kulisikika mguno mmoja tu, mhhh, kama ardhi imekaa vibaya. Kisha vichwa vyote vikageuka. Kisha viti vyote vikageuka. Walio karibu na ua wakatoboa matete, walio mbali wakapanda juu ya walio karibu. Nyati alifumba macho kwa aibu, akayafumbua tena upesi asipitwe.

"Nguzo," mama mkwe akasema, sauti yake imepoa kabisa, "mwambie mahari tuliyopokea kwake ilikuwa matope. Hatukusema kitu."

"Nguzo, mwambie yalikuwa matope mazuri."

Uwanja ukapasuka. Kwa kwa kwa! Fisi alianguka chali, akazimia, akaamshwa ili asikose mwisho. Na bado ukoo haujaisha! Shemeji akaja, naye umejaa. Mjomba akaja, naye umejaa. Kila mmoja anapaza sauti kuliko aliyetangulia, kila mmoja analipa, anaingia amenuna, anageuka naye kutazama atakavyofanyiwa anayefuata.

Jukwaani, Mfalme wa Mchwa alikuwa analia peke yake. Kinyonga alitazama mbele akaona migongo. Migongo ya kila aina, yenye mistari, yenye madoa, yenye manyoya. Akamtazama Bi Sange. Bi Sange ameduwaa, pua imetulia kabisa. Mara ya kwanza akiwa macho tangu azaliwe. Alikuwa ameujaza uwanja, na hakuna aliyekuja kwake.

Lakini aliendelea kugonga, ndu-ndu-ndu, kwa sababu Kinyonga mguu ulikuwa hewani.

Jua lilipoinama Kiboko akaingia, amechoka, amefurahi, vikapu vimefurika. Akaketi kiti cha mgeni rasmi. Akasema haya sasa, anzeni.

Watu wakainuka, wakajikung'uta, wakaanza kwenda zao. Swala alipopita akampa mkono. Akamwambia katika maisha yake hajaona mchezo kama huu, hasa pale pa nguzo.

Kiboko hakuelewa, na hakujali. Alimtaka Bi Sange.

"Ijumaa tatu zimekwisha," akasema. "Leta ngoma. Uwanja haujajaa hata mara moja."

Bi Sange akainua macho. Alimtazama tu Kasuku juu ya mlango.

Kasuku akajinyoosha mbawa. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kiboko mwenyewe, nene, na kikohozi chake katikati. Umejaa. Umejaa. Umejaa, labda kibaba cha pili. Nguzo, mwambie mama umejaa. Nguzo, mwambie yalikuwa matope mazuri. Alilirudisha kila neno, moja moja, hajaruka hata moja, na waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi mbio kuisikia tena sehemu ya mahari.

Kiboko akafungua kinywa ajibu. Hakikutoka kitu. Akakifungua zaidi. Hakikutoka kitu. Akakifungua mpaka meno ya nyuma yakaonekana na koo lote, amepigwa na butwaa, na hivyo ndivyo alivyo hadi leo. Waliosoma watawaambia anatisha wenzake, au anapiga miayo. Waliosoma hawakuwepo.

Basi ngoma ikabaki kwa Bi Sange, na uwanja ukawa wake msimu mzima. Ijumaa iliyofuata akaandaa tena Mfalme wa Mchwa. Watu wakafurika kabla ya wakati. Kinyonga akatoka, akageuka rangi ya asubuhi. Wakamtazama kidogo. Kisha Nyati akauliza kwa upole, yule wa mlangoni leo haji?

Bi Sange akafikiri, pua ikacheza. Akaenda mtoni, akamwomba Kiboko asimame mlangoni tena, kibaba cha pili kiwe chake. Kiboko akafunga kinywa kwa muda mfupi wa kutosha kusema ndiyo. Na hata mjomba na shemeji wakaja tena, na walijua watatozwa.

Ila kitu kimoja sikuwaambia. Siku ile ya nguzo, watu wote walipogeuza viti kutazama mlangoni, mmoja hakugeuka. Mama mkwe alipokwisha lipa na kuingia, aliketi akaupa mlango mgongo, maana mkweo hata akikuvua nguo barabarani, humtazami usoni. Kwa hiyo alitazama upande mwingine. Na upande mwingine ndiko kulikokuwa na mchezo.

Aliuona peke yake. Watu walipokwisha toka bado alikuwa ameketi, mashavu yamelowa. Akamwita Bi Sange pembeni.

"Mwanangu, kile kivuli. Kilirudi?"

Bi Sange, mwenye uwanja uliofurika, akamtazama mtu wake mmoja. Pua ikaanza kucheza.

"Njoo Ijumaa, mama," akasema. "Kiti chako kipo."

Hapo ndipo ninapoifunga kamba na kuitundika. Aliyeishika akaifungue kwao, aliyeikosa asinifuate nyumbani.

Na kwa kuwa hadithi bila fundisho ni kama ugali bila mtu wa kuula, fundisho ni hili: ukitaka watu wajae, tunga kitu kizuri, anza kwa wakati, na usiseme uongo hata kidogo. Sina la kuongeza.

Ngojeni. Nasikia kuna watu huko nje wanauliza kama wanaweza kuingia wasikilize. Waambieni pamejaa.